Mifuko Miwili

Kitani cheupe kilikuwa kimetandazwa juu ya meza ya kukatia, cheupe kiasi cha kuumiza macho, na Fundi alikuwa amenawa mikono mara mbili kabla ya kuthubutu kukigusa. Katika mji ule wa baridi na ukungu, ambako watu huchagua nguo kwa kuangalia kama rangi yake inaficha tope, kitambaa cha namna ile hakikuwa na pa kwenda. Kilikuwa cha kuvaliwa mbali, mbele ya maji ya buluu, na watu wasiokuwa na haraka. Fundi alikuwa ameshona maisha yake yote nguo za watu wanaokwenda mbali. Safari hii naye alikuwa miongoni mwao.

Aliyekileta ni mkamwana wake. Aliingia dukani akihema kwa ngazi, mtoto mchanga mgongoni, akaeleza kazi yenyewe huku akitazama simu. Siku ya kwanza kisiwani familia itapigwa picha ufukweni, wote wakiwa na sare: yeye gauni, mumewe shati na suruali, watoto watatu viguo vyao. Kisha akatoa kwenye begi kitambaa kingine, cha kijivu, kizito, akakiweka pembeni.

"Hiki ni chako, Mama. Nyeupe itakusumbua kufua. Jishonee gauni pana, la kujisikia huru. Na uweke mifuko miwili mikubwa. Mikubwa kabisa."

Fundi aliona amejaliwa. Alikwisha sikia kwamba ufukweni huokotwa makombe ya kila rangi, na kwa kuwa alikuwa hajaona bahari ila kwenye picha, aliwaza mara moja kwamba mfuko mmoja utakuwa wa miwani na wa pili wa makombe. Hata mkamwana alipodokeza, akiwa mlangoni, kwamba dada wa nyumbani kwao wamempa likizo kipindi hicho chote, Fundi aliunga mkono kwa moyo mkunjufu. Alisema vizuri, naye ni binadamu, naye ana kwao.

Safari yenyewe ilikuwa imetangazwa na mwanawe wa pekee, mezani, baada ya chakula, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Mama," alisema, "mwaka huu tunakupeleka kupumzika." Halafu akampa simu atazame hoteli. Fundi aliitazama picha baada ya picha, mpaka akafika kwenye kibaraza kimoja cha mbao kilichoelekea baharini, chenye viti vya kusukwa na mito ya rangi ya mchanga. Hapo alisimama. Alikichagua kiti cha kushoto. Hakumwambia mtu, lakini tangu siku ile, kila mgongo ulipomuuma kwa kuinamia cherehani, alikuwa akienda kukaa kwenye kiti kile kwa dakika chache kisha akarudi kazini.

Mtaa mzima ulijua. Fundi hakuwa mtu wa kujisifu, lakini furaha hii ilimshinda ulimi. Wateja wa sare za shule waliambiwa wawahi, kwa sababu duka litafungwa. Fundi saa wa chumba cha pili, ambaye utani wao ulikuwa mkongwe kuliko milango ya jengo lile, alikuwa akipita kila asubuhi kumwuliza kama bado anawatambua watu wa bara.

"Ukirudi, fundi mwenzangu, utatusalimia kwa pua," alimwambia.

"Kwako wewe sitasalimia kabisa," Fundi alimjibu. "Nitatuma mtu."

Wakacheka wote wawili. Zilikuwa siku nzuri zile, na ndiyo maana kilichofuata kiliuma zaidi.

Ofisi ya wakala wa safari ilikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Mwanawe alimpigia simu kumwomba apeleke picha yake ya pasi, kwa kuwa yeye ni wa karibu. Fundi alivaa koti lake zuri, akavuka. Wakala alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye kipara na tabasamu la kazi. Nyuma yake ukutani palikuwa na picha ya kisiwa, kubwa kama kitanda.

"Aa, kumbe ndiye wewe dada," alisema alipotajiwa jina la familia. "Karibu, dada, kaa."

Fundi alicheka. Tangu mvi zimtoke hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa mama wa mtaa, na kwa watoto wa shule bibi. Dada lilikuwa neno alilokwisha kulisahau pamoja na kiuno chake cha zamani. Aliketi, akaweka sawa kilemba chake, akamwambia wakala kwamba ana ulimi mtamu na bila shaka wateja wake ni wanawake watupu. Wakala alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa utani asioupata.

Kwa kuwa moyo wake ulikuwa umechangamka, Fundi alithubutu kuuliza lile alilokuwa nalo: je, dirisha lake litaiona bahari?

Wakala aliizungusha kompyuta ili naye aone. Alieleza kwa uvumilivu, kidole kikitembea kwenye kioo. Chumba hiki chenye kibaraza ni cha baba na mama. Hiki cha nyuma, upande wa jikoni la hoteli, ni cha watoto, na humo dada amewekewa kitanda cha ziada, maana mtoto mchanga huamka usiku. Safari ya mashua ya kwenda kutazama pomboo ni ya wawili, watoto wadogo hawaruhusiwi, kwa hiyo dada atabaki nao. Chakula cha jioni cha mishumaa ni cha wawili pia. Asiwe na wasiwasi, akaongeza, hoteli hii inawajali madada, hata bei yao ni nafuu.

Fundi alikitazama kibaraza. Vile viti vilikuwa viwili tu; katika picha ya simu alikuwa hajajali hilo. Na ghafla lile neno tamu likamgeukia mdomoni. Katika nyumba zote alizoingia kupima mapazia, dada alikuwa yule anayefungua mlango, anayeondoa vyombo, anayeitwa mara tatu kabla ya chai. Lilikuwa jina la mtu ambaye jina lake halikuulizwa. Na yeye, mwanamke mzima, alikuwa amelichekea.

"Huyo dada," alisema taratibu, "aliulizwa anataka nini?"

Wakala aliipekua kompyuta kwa nia njema kabisa. "Hapana," alisema. "Kwa kawaida dada haulizwi."

"Na nani aliyekutajia dada? Mke au mume?"

"Mume. Alikuja mwenyewe. Wazazi wawili, watoto watatu na dada."

Fundi aliiweka picha yake mezani, akaaga, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Hasira ina ukoo mwingi, na ile iliyompanda Fundi siku hiyo haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ile inayokaa kifuani na kupanga vitu. Alipanga likizo ya dada wa nyumbani, aliyoisifia kwa kinywa chake. Akapanga kitambaa cha kijivu kisichoonyesha matapishi. Akapanga mifuko miwili mikubwa, mikubwa kabisa, na hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu yeye ameshona makoti ya wauguzi, ya wapishi na ya wahudumu wa kila namna, na anajua mfuko wa ukubwa ule huingia nini. Huingia chupa ya maziwa, nepi na kitambaa cha kufutia. Na yeye, mshona mifuko, alikuwa ameiona akawaza makombe!

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Kulea wajukuu hakukumtisha. Aliwalea kila walipoletwa, tena kwa furaha, na yule mtoto mchanga alikuwa halali vizuri ila kwenye paja lake. Kilichomchoma ni kwamba walimvika kilemba cha ukoka naye akakipokea kwa machozi, akaenda akakionyesha mtaa mzima. Wangeweza kusema. Kuna ugumu gani wa kusema? Mtoto aliyemzaa, aliyemfundisha kuomba hata maji kwa adabu, amekwenda kumwandikisha utumishi kwa mtu baki, akarudi nyumbani akaliita jambo hilo kupumzika.

Alichukua simu ampigie, akairudisha. Aliwaza asiende. Lakini kesho fundi saa atapita na utani wake, na yeye atamjibu nini? Halafu kulikuwa na jambo jingine, dogo na la aibu kidogo, ambalo alilikiri akiwa peke yake kati ya vitambaa: bado alikuwa anaitaka bahari. Aliitaka hata sasa. Na kwa nini aikose yeye, wakati makosa ni ya wengine?

Akasimama, akatwaa chaki.

Kila mteja anajua kwamba kitambaa kinachobaki ni cha fundi. Ndiyo desturi ya kazi, na hakuna anayegomba. Ila kubaki kwa kitambaa kunategemea mkono. Fundi alivipanga vipande vya familia juu ya kitani kile kwa namna ambayo hakuwa amejipa taabu ya kuvipanga kwa miaka mingi: mkono wa shati ukaingia kwenye kwapa la gauni, suruali za watoto zikalala kichwa kwa miguu, kola zikajibana pembeni. Hakumpunja mtu hata pindo. Alipomaliza kukata, kilichobaki mezani kilikuwa kipande kirefu na safi. Alikipima kwa macho, kisha akajipima mwenyewe mbele ya kioo, jambo ambalo hakumbuki mara ya mwisho alilifanya lini. Cha kijivu nacho hakukitupa. Alikikata pia.

Jumapili aliwapelekea. Sebule ya mwanawe ilikuwa imejaa masanduku yaliyoachama vinywa, na watoto walikuwa wakirukaruka na miwani ya kuogelea usoni. Walizivaa nguo mmoja mmoja na zote ziliwakaa vizuri. Mwanawe alijigeuzageuza mbele ya kioo, akamsifu Mama kwamba mkono wake hauzeeki. Mkamwana akamwambia naye akavae lake wamwone.

Fundi aliingia chumbani, akatoka.

Gauni lilikuwa jeupe, refu, lenye mikono mipana na shingo iliyochongwa vizuri. Lilishuka mabegani mpaka vifundoni bila kukatizwa na kitu chochote. Aliyetangulia kusema ni mjukuu wa kwanza, msichana wa kuanza shule.

"Kumbe Bibi naye yumo kwenye picha," alisema. "Si mlisema Bibi ndiye atakayetupiga?"

Mkamwana alikuwa akililenga gauni kwa macho, ubavu wa kulia na wa kushoto.

"Na ile mifuko, Mama?"

"Sina cha kubeba," Fundi alisema.

Akafungua begi lake, akatoa kizibao cha kijivu kilichopigwa pasi, chenye mifuko miwili mikubwa kifuani. Akamkabidhi mwanawe.

"Cha nani hiki?"

"Cha dada."

"Dada tumempa likizo, Mama."

"Najua. Lakini wakala ananiambia dada anakwenda. Sikumjua ni nani, kwa hiyo nimekishona kwa kipimo chako."

Mwanawe alikigeuza kizibao mikononi. Alianza kueleza, na maneno yalimtoka mengi kwa mara moja: kwamba ni jina tu la kwenye kompyuta, kwamba hoteli hutoa nafuu, kwamba hakuna aliyekusudia ubaya, na Mama ni Mama. Fundi alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Mngesema, 'Mama, tumechoka, njoo utusaidie watoto,' ningefunga duka siku ile ile," alisema. "Mnalijua hilo. Nyinyi mkaniambia napelekwa kupumzika. Nilidhani nimealikwa. Kumbe nimeajiriwa, na mimi ndiye wa mwisho kujua."

Mkamwana aliinamisha kichwa. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hata yeye hajalala usiku mzima tangu mchanga azaliwe. Fundi alimwamini. Aliona weusi chini ya macho yake na akamwonea huruma, na hasira haikupungua hata kidogo. Alishangaa kwamba moyo mmoja unaweza kuyabeba yote mawili.

"Basi pumzika, mwanangu," alimwambia. "Sote tunakwenda kupumzika. Tutapokezana. Na kile kiti cha kushoto ni changu."

"Kiti gani, Mama?"

Mtoto mchanga alikuwa ameanza kulia kwenye zulia, na mkamwana, kwa mazoea tu, akaiokota chupa ya maziwa akamnyoshea mama mkwe. Mikono ya Fundi nayo ina mazoea yake. Ilishuka ubavuni kutafuta pa kuitia, ikakuta kitani kitupu, ikateleza mpaka mapajani na kutulia hapo. Chupa ikabaki hewani kati yao.

Mwanawe aliitazama. Kisha akapitisha mkono mmoja kwenye kizibao, halafu wa pili, juu ya shati lake jeupe. Alimwinua mtoto, akaipokea chupa, akaitia mfukoni ili apate kumweka sawa begani. Iliingia mpaka shingoni bila kubana wala kulegea. Fundi alikuwa ameipima.