Apumzishwe

Nzembi alianza kumchukia Madam Nanjala, mshauri aliyeletwa klabuni, Jumamosi asubuhi, langoni, kabla hajavaa hata ile fulana ya njano ya kazi. Mpaka Ijumaa alikuwa akimsifu kwa kila aliyetaka kusikia.

"Sopa, Mama Evalyne," askari Parmuat alimsalimia kwa Kimaasai.

"Epa," Nzembi aliitikia. "Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Parmuat alitazama pembeni. "Yule kijana wenu wa bwawa, Mutinda. Nimemrudisha sasa hivi. Bosi amesema nisimfungulie tena. Ati amepumzishwa."

Amepumzishwa! Kama hujawahi kuwa kibarua, huwezi kujua neno hilo linavyouma. Mwenye kazi ya kudumu akipumzishwa anarudi kwao na mshahara wake, na wenzake wanampelekea ndizi na soda. Kibarua akipumzishwa, basi, kazi imekwisha. Hapewi barua wala asante. Anaambiwa na askari langoni na kurudishwa kama mbuzi aliyekataliwa mnadani Kiserian. Nzembi alisimama pale ameshika fulana yake mkononi, damu ikimchemka.

Maana yeye ndiye aliyemtaja Mutinda.

Klabu yenyewe ilikuwa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, miaka ile mji ulipokuwa ukipanuka na wakubwa wa Nairobi wakitafuta pa kupeleka watoto wikendi. Kulikuwa na bwawa la kuogelea, farasi wawili wazee, kasri la kujazwa hewa la watoto kurukia na nyama choma. Wapishi na makarani walikuwa wameajiriwa. Wa bwawa, wa farasi na wa kasri walikuwa vibarua, wakichaguliwa langoni kila asubuhi na meneja mwenyewe, Bwana Maundu. "Uko sawa wewe?" angeuliza akipita. Aliyejibu kwamba kichwa kinamuuma alirudi nyumbani, kwa hiyo kila mtu alikuwa sawa, hata mwenye malaria.

Jumatatu ya Pasaka mtoto alikufa maji. Bwawa lilikuwa limefurika watu, na Mutinda alikuwa peke yake kwenye kile kiti kirefu cha laifgadi, mwokoaji wa waogeleaji, kwa sababu Maundu alikuwa amemwita laifgadi wa pili akabebe kreti za soda. Kreti za soda, jamani! Mutinda alimtoa yule msichana mdogo, akamlaza sakafuni, akambonyeza kifua mpaka gari lilipokuja kumchukua. Hakufika hospitali akiwa hai. Na unajua Maundu alifanya nini? Alilifungua bwawa jioni hiyo hiyo, wateja wasije wakadai pesa zao, na Mutinda akaambiwa arudi juu ya kiti. Nguo zilikuwa bado zinamdondoka maji.

Wiki iliyofuata wapishi na makarani waliletewa mshauri wa kuwatuliza roho. Vibarua hawakuhusika. Wapishi, ambao siku ile hawakutoka hata jikoni!

Tangu hapo Mutinda hakuwa Mutinda. Alihesabu watoto majini kwa sauti, akifika mwisho anaanza upya. Mtoto akizamisha kichwa kwa mchezo, yeye huyo, amejirusha na nguo, amemvuta nje. Baba mmoja alimtukana mbele ya watu. Chakula cha mchana akawa anampa mbwa. Siku moja alimnong'oneza Nzembi kwamba akifungua bomba nyumbani anamsikia yule mtoto ndani ya maji, kisha akacheka na kusema anatania. Nzembi, aliyekuwa akikodisha nguo za kuogelea hatua chache tu kutoka kwenye kile kiti, aliona yote hayo na moyo ukamuuma. Kijana alikuwa rika la mdogo wake wa mwisho.

Ndipo kampuni moja ya Nairobi ilipotaka kuleta watoto wa wafanyakazi wake, ikauliza kama watu wa bwawa wameonana na mshauri baada ya ile ajali. Maundu alimkumbuka Mutinda ghafla! Madam Nanjala akaitwa, akawekewa viti viwili nyuma ya jikoni, vibarua wakaingia mmoja mmoja. Alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. "Yatakayosemwa hapa yatabaki hapa," aliahidi.

Mutinda aliingia, akasema yuko sawa, akatoka. Ilipofika zamu yake, Nzembi hakusema neno juu yake mwenyewe. Alisema yote ya Mutinda: kuhesabu, chakula cha mbwa, ile sauti ya bomba. "Madam, msaidie huyo kijana. Ataharibikiwa." Madam Nanjala alimshika mkono akamwambia amefanya jambo jema. Nzembi alirudi kazini akijisikia mwepesi.

Sasa Jumamosi hii alipita bila kubisha hodi mpaka ofisini kwa Maundu. Na huyo hapo Madam Nanjala, amekuja kumalizia watu wa farasi, mbele yake chai na mandazi.

"Madam, ulimwambia nini huyu mtu?"

"Mama Evalyne, habari ya..."

"Habari hakuna! Ulisema yatabaki kule. Mutinda amefukuzwa!"

Madam Nanjala aliweka kikombe chini. "Amefukuzwa? Hapana. Mimi nilisema apumzishwe. Nilimwambia Bwana Maundu anamsikia mtoto kwenye maji, kwa hiyo apumzishwe. Nilimaanisha alale, apate wiki kadhaa, aje tuongee, halafu arudi."

"Na mimi nimempumzisha," Maundu alisema huku akitafuna. "Kwani kuna kupumzishwa kwa aina ngapi?"

"Kuna likizo ya ugonjwa," Madam alisema polepole.

"Likizo ya kutoka wapi? Huyo hana kazi hapa, Madam. Ana siku. Leo nampa siku, kesho simpi. Sasa mtu anaongea na mabomba, nimkalishe juu ya watoto wa watu?"

Nzembi alipaza sauti. "Ulimkalisha akiwa amelowa! Siku ile ile! Hukuuliza kama kichwa chake kiko sawa! Na yule mtoto alikufa kwa sababu ya kreti zako za soda, Maundu, usijifanye umesahau!"

Hakuna kibarua aliyewahi kumwita Maundu bila Bwana. Alifuta mikono, akasimama.

"Mama Evalyne, chunga huo mdomo. Hapo nje kuna watu chungu nzima wanaoitamani hiyo fulana."

Nzembi alimgeukia Madam Nanjala. "Twende kwake. Anakaa hapo tu nyuma ya soko. Umwambie kwa mdomo wako ulimaanisha nini."

Madam Nanjala alimtazama Maundu, kisha kikombe chake. "Nimeitwa na ofisi, mama. Kwenda kwa mtu nyumbani bila ofisi kunituma si utaratibu. Mwambie aje hapa."

"Aje hapa wapi, na lango amefungiwa?"

"Pole sana, mama. Kweli, pole."

"Kaa na pole yako!" Nzembi aliirusha fulana juu ya meza, ikaangukia mandazi. "Na wewe, Maundu, wape hao wa nje."

Alijua alichokuwa amefanya. Alijua Evalyne alikuwa kidato cha pili na shule haingojei hasira za mama mtu. Lakini miguu ilikuwa imeshashika njia ya sokoni, na njiani aliwatukana wote wawili kwa Kikamba, waziwazi, watu wakigeuka kumtazama.

Mutinda alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake cha mabati, juu ya mtungi mtupu. Hakuitikia salamu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Umeniuza, Mama Evalyne. Ya bomba nilikuambia wewe tu."

"Mutinda, sikiliza. Yule mwanamke alisema upumzishwe, maana yake..."

"Amepiga simu Maundu. Mpaka Ngong, mpaka Kiserian, kila penye bwawa wanajua Mutinda ni wazimu. Hata kufagia sitapewa."

"Ngai! Shetani yule!" Nzembi aliwaka upya. Akamwambia yote: chai, mandazi, utaratibu, kreti, fulana. Akamwambia alivyomkaripia Maundu mbele ya mgeni, alivyomtupia Madam pole yake. Alisema mpaka jasho likamtoka. Alingoja Mutinda naye apandwe na hasira, wawe wawili.

Mutinda alimwacha amalize.

"Umeongea na Madam," alisema. "Leo umeongea na Maundu. Mimi nimekuwa na wewe kando ya yale maji tangu Pasaka. Uliniuliza lini?"

Nzembi alikuwa amemuuliza mara nyingi kama yuko sawa, akipita na nguo za wateja mkononi. Mutinda alikuwa akijibu yuko sawa, na yeye, Mungu amsamehe, alikuwa akifurahi kwamba jibu lilikuwa fupi. Hasira aliyotoka nayo klabuni ilikuwa bado imemjaa kifuani, ila sasa hakujua amwelekezee nani.

Aliketi chini kwenye kizingiti, vumbi na yote.

"Niambie sasa," alisema.

"Nikuambie nini?"

"Siku ile. Yote."

Jirani alikuwa akifua nguo kwenye karai. Nzembi alijizuia asiseme neno.

"Aliitwa Nalangu," Mutinda alisema. "Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu, analiita hilo jina. Nalangu, Nalangu. Mimi nabonyeza kifua, nasikia anaitwa, nikawa nabonyeza polepole ili nisikie akiitika. Polepole, Mama Evalyne. Mtoto wa watu."