Matanga ya Moshi wa Kivuko

Mwaka ule waasi walipoushika mji wa Kisangani, uhuru wenyewe ukiwa na miaka minne tu, Binti Aziza alikuwa akizifua kanzu za mumewe mara mbili: kwanza jasho, kisha moshi. Nyumba yao ilitazama gati. Kivuko kilinguruma pale usiku na mchana, hata kikiwa kimefungwa kamba, hata pasipo mtu wa kuvushwa. Moshi wa mazuti, dizeli ya motere yake, uliingia dirishani bila hodi, ukakaa juu ya sufuria, juu ya chandarua, juu ya cherehani ya Papa Zuberi, mumewe. Naye Zuberi, fundi wa kanzu, hakuiweza tena cherehani. Akikanyaga kidogo tu, kikohozi kinamkunja. Alilala ameketi, mto wa pamba mgongoni, maana akilala chali pumzi inakatika.

Aziza alimwendea René, kapiteni wa kivuko.

"Papa René, ukifika gati, zima motere. Muzee wangu iko anakufa."

"Mama, nikizima haitawaka tena. Betri waasi walichukua, wakaitia kwa phonie yao, ile redio ya kuongelea. Nitawasha na kiberiti?"

"Na wewe ukanyamaza?"

"Wao walikuwa na bunduki, mama. Mimi nilikuwa na kofia."

Aziza alirudi nyumbani, akapanda kiti, akateremsha mkeka uliochomekwa juu ya boriti, ule mpana usioshushwa ila siku ya msiba. Akautandika katikati ya njia ya kushukia kivukoni, akavua viatu, akakaza kitenge kiunoni, akaketi na kunyoosha miguu. Philomène, jirani yake, alipouona mkeka hakuuliza. Aliweka chini beseni lake la samaki, akaanza kulia. Na kilio cha Philomène kilijulikana mpaka mtaa wa Tshopo. Wanawake wakaja wakijifunga vitenge, wakajaza mkeka.

Mlangoni Zuberi akatoa kichwa. "Aziza! Mimi niko muzima!"

"Papa Zuberi, nyamaza," Philomène akamkaripia. "Wafu hawasemaka."

Lori la waasi likafika, likasimama. Dereva akapiga honi, akachoka. Ndipo akashuka komanda, kijana wa Isangi, bastola kiunoni.

"Bon, wamama, mutoke. Lori inavuka."

"Tuko kwa matanga," Aziza akasema.

"Nani amekufa?"

"Bado."

Askari mmoja akacheka. Komanda akamgeukia, kicheko kikakatika. "Munalia mutu muzima? Munanichezea?" Akaigusa bastola.

Aziza aliiacha miguu pale pale, imenyooka. "Huyu moshi iko anamumaliza bwana yangu. Nikingoja afe, utakuja kunipa pole. Mimi nataka pole yangu leo, yeye angali anaisikia. Ukitaka kupita, pita juu ya mkeka, na viatu vyako. Mama yako kule Isangi atasikia kwamba mutoto wake alikanyaga matanga."

Komanda alitazama mkeka. Alitazama viatu vyake.

"Alafu," Aziza akaendelea, "kwenu watu wanakujaka matanga mikono mitupu?"

Philomène akapandisha kilio.

"Munataka nini?" komanda akauliza kwa sauti ya chini.

"Betri ya kivuko."

"Na phonie yangu?"

René, aliyekuwa amejibanza nyuma ya usukani, akapata sauti. "Chef, mchana nikivuka, motere inaijaza. Jioni nafunga kazi, unaichukua imejaa. Asubuhi unairudisha. Sasa hivi phonie yako si inakufa kila siku?"

Komanda akamtuma askari akailete. Wanawake hawakuinuka. Betri ilikuja imebebwa na watu wawili, René akaifunga nyaya, akaizima motere. Ikakohoa, ikanyamaza. Mara wakasikia maji yakipiga ubavu wa chuma, sauti waliyoisahau. Akaiwasha tena, ikawaka. Akaizima.

Hapo ndipo Aziza aliposimama akaukunja mkeka. Lori likapita.

Zuberi alikuwa bado mlangoni. "Sasa umenizika mbele ya mji mzima. Nani ataleta kanzu kwa marehemu?"

"Wataleta," Aziza akasema, akiingia na mkeka. Hakuurudisha juu ya boriti. Aliusimamisha nyuma ya mlango, na asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alitoka kwanza kutazama kama betri imerudi.