Sebule ya Karani Révérien

Révérien hakuwa karani. Alikuwa planton, yaani mfagiaji na mpeleka barua wa ofisi ya serikali hapo Uvira, na mke wake Félicité alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyefua vumbi la ofisi kwenye kaptula zake. Lakini mwaka wa uhuru Wabelgiji walipofunga virago wakaacha marundo ya karatasi uani kwa ofisi, Révérien alizibeba nyumbani kwa karai, safari tisa, akatangaza kwamba sebule yake itapambwa kisasa.

Ukuta wenyewe haukuwa na kosa. Félicité alikuwa ameusiriba kwa mikono yake, samadi na majivu chini, udongo mweupe juu, kama mama yake alivyomfundisha kule Runingu. Révérien akaufunika wote. Unga wa muhogo wa wiki mbili ukaishia kwenye gundi. Risiti za kodi, zenye rangi ya waridi, akazipanga chini kama ukanda. Vikaratasi vya kuandikia uzito wa pamba, vya kijani, akavizungusha mlangoni. Karatasi za kaboni akazifanya fremu ya dirisha, na kila mgeni aliyeegemea pale alirudi kwake na mgongo wa buluu. Katikati, mahali pa heshima, zikakaa barua zenye mihuri. Mende nao wakahamia, wakawa wanatafuna gundi mchana kutwa bila aibu.

Kusema kweli rangi zilipendeza, na hilo ndilo lililomuudhi Félicité zaidi.

“Hii yote ni kazi yangu,” Révérien aliwaambia wageni, akipunga mkono ukutani. Watu wakamvisha kilemba cha ukoka, wakamwita Karani, naye akakivuta hadi masikioni. Waliojua kusoma walingoja wafike barabarani ndipo wacheke. Félicité, aliyefundishwa kusoma na masista miaka mitatu, hakusema kitu. Mumewe alimkataza kushika karatasi mbele za watu, ati mke msomi hapiki bugali ikaiva. Basi miaka minne alimdharau kimyakimya, huku akimwandalia samaki wa ndagala na maji ya kunawa.

Kisha, mwaka wa sitini na nne, waasi wakaingia Uvira na majani kichwani. Walijiita Simba, na waliowatafuta kwanza ni watu wa kalamu, kwa kuwa ndio walioula uhuru peke yao. Makarani watatu walipelekwa mtoni juzi yake; hawakurudi. Karibu na adhuhuri wanaume wanne wakasimama uani kwa Révérien. Walikuwa wamemuuliza jirani, Pudentienne, karani anakaa wapi, naye akanyoosha kidole bila hila yoyote. Hakulijua jina lingine la mtu huyo.

Kiongozi wao, mtu mnene mwenye viatu viwili visivyofanana, akaingia akautazama ukuta toka chini hadi juu.

“Weye njo karani?”

Debe tupu lililovuma miaka minne likakosa sauti. Révérien alipiga magoti. “Minye iko nafagia tu, mukubwa. Nafagia!”

“Mufagiaji, na barua za serikali mingi hivi? Unatuona sisi wapumbafu?” Akawaashiria wenzake wamfunge mikono.

Félicité angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimpitia, wala halikumtisha. Lakini mtu huyu alikuwa baba wa mwanawe Spès, na Spès, aliyekuwa kwa bibi yake Runingu, angekuja kuuliza baba yuko wapi.

“Mukubwa, yeye iko nasema kweli,” akasema. “Angalia zile barua. Zote ziko kichwa chini. Muhuri unapigwaka mwisho wa barua. Yeye aliuweka juu, anasema kitu ya mukubwa haiwezi kukaa chini. Muntu wa kusoma atafanya vile?”

Kiongozi akapinda shingo hadi sikio likagusa bega. Kwenye kila muhuri, simba wa Wabelgiji alikuwa amelala chali, miguu juu.

“Simba ya Mubelgiji iko chali!” Akacheka hadi bunduki ikamteleza. Wenzake wakacheka, wakaifungua kamba. Révérien alibaki magotini, amenuna. Ameponea chupuchupu, na bado anaona uchungu wa mihuri!

Kicheko kikakatika.

“Na weye, mama,” kiongozi akauliza, “ulijuaje kama barua iko kichwa chini?”

Jibu lilikuwa pale pale. Simba aliyelala chali hata mbuzi angemwona. Félicité akafungua kinywa, lakini Révérien alimtangulia.

“Huyu njo anajua kusoma!” akapaza sauti. “Masista walimufundisha. Minye sijue hata a!”

Kiongozi akamtazama mume, akamtazama mke. Hakucheka tena. Akamshika Félicité mkono, na wale wengine wakasogea nyuma yake.

Walipofika mlangoni Révérien alikuwa ameshasimama, anajipangusa magoti.

“Mama Spès,” akaita, “bugali iko wapi?”

Félicité aliogopa tangu asubuhi, na bado aliogopa. Hata hivyo aligeuka akamwangalia mumewe vizuri, kisha akasema na yule aliyemshika mkono.

“Huyu mumuache tu, mukubwa. Hata mukimuua, hamutakuwa mumeua muntu.”