Kidole cha Mama Rosette

Daktari Dative aliweka kioo chenye kipande cha uvimbe chini ya hadubini, akaona viini vya seli vimejipanga safu mbili zinazotazamana, katikati pamebaki njia tupu, kama watu wanaompisha mtu. Uvimbe wa ala inayofunika neva aliujua kwa sura hiyo. Haukuwa kansa.

Akatoka kumwambia mwenyewe. Mama Rosette, mkulima wa Masisi aliyekimbilia mtaa wa Katoyi mjini, alikuwa kwenye benchi, mkono wa kushoto umefungwa bendeji.

"Mama, uvimbe haukuwa mubaya. Ulikuwa juu ya neva, na tumeutoa wote."

Mama hakufurahi. "Docteur, kila ulipoguswa nilisikia mutoto ananishika kidole kidogo. Ni Gradi wangu, alinipotea njiani tukikimbia vita."

Dative akamweleza kwa upole kwamba neva ile huishia kwenye kidole. Ikibanwa juu, kidole ndicho kinachosikia. Sasa hatasikia tena.

"Basi mbona tangu asubuhi ananishika huku?" Akanyoosha mkono wa kulia.

Dative akaupapasa kuanzia kwapani hadi kiganjani, asikute kitu. Lakini kidole cha mwisho kilijikunja polepole, kikavutwa upande wa mlango. Akakinyoosha. Kikavutwa tena, safari hii kwa nguvu zaidi, kama mtoto aliyechoka kungoja.

"Aksanti, Docteur," alisema Mama Rosette akijifunga kitenge vizuri. "Anataka twende."

Dative akajikuta anawafungulia wote wawili mlango.