Testa Niliyomnunulia Binti Yangu

Soketi ya jikoni ilianza kunguruma marehemu mke wangu akiwa bado hai. Mwenye nyumba akasema atashughulikia. Mke wangu ameshazikwa, yeye bado anashughulikia. Wakubwa ndivyo walivyo. Hata siku mwenzangu alipozidiwa, mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwepo hospitali, ila ufunguo wa chumba alikuwa nao mkubwa, na mkubwa yuko semina. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini nina uso wa ndimu.

Nimebaki na binti mmoja. Namwita Mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu. Alipomaliza shule akaniambia anataka kuwa fundi umeme. Nikamwambia chuoni watamfundisha umeme wa ubaoni, na umeme wa ubaoni haumpigi mtu shoti. Akacheka. Kumbe ameshapata njia: kuna mwanamama fundi, watu wanamwita Bi Fyuzi, mchana anakwenda na wanafunzi wake kazini, jioni anawafundisha darasani. Lakini hachukui mtu kabla hajamwona akishika kazi. Angekuja Jumamosi amtazame akibadilisha ile soketi yetu. Akimkubali, anaanza Jumatatu. Akimkataa, ndiyo basi, mwingine wa kumfundisha hatukuwa naye.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliiacha njiani, lakini aibu ya kuazima mkasi wa mwenzako naijua. Nikaenda sokoni nikamnunulia vifaa, mkoba mzima: plaizi, bisibisi, kisu cha kumenyea waya, na testa, ile bisibisi nyembamba yenye kitaa ndani kinachowaka ikigusa waya wenye umeme. Vishikio vyekundu, vinang'aa kama pipi. Mama alipofungua alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Jumamosi Bi Fyuzi akaingia, mfupi, mpana, penseli sikioni.

"Shikamoo, mama," binti yangu akasema.

"Marahaba. Mzee wako atakaa tu, au atatusaidia kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Hawezi kujizuia."

Nilikuwa nimesimama palepale, wananisema kama kabati.

Mama akachukua testa yangu, lakini badala ya kwenda jikoni akaelekea sebuleni, kwenye soketi iliyochomekwa redio.

"Mama, mbovu iko jikoni," nikamwambia.

"Najua, baba. Naipima testa kwanza."

"Testa nayo inapimwa?"

"Kama imekufa yenyewe, kila waya itasema umekufa. Halafu mimi naushika."

Redio ilikuwa inamtoa mheshimiwa mmoja akituahidi maji. Soketi ni ya plagi mbili, na Mama akaingiza ncha ya testa kwenye tundu la umeme la upande uliobaki wazi, kidole gumba juu ya kichwa cha testa. Giza. Akafuta kidole kwenye gauni, akarudia. Mheshimiwa anaongea, umeme upo, kitaa hakiwaki.

Akaniangalia mimi, hakuiangalia testa.

"Labda sijaishika vizuri," akasema.

Ile sauti naijua. Ni ya mama yake, alipokuwa akimaliza chakula nilichokiunguza.

Bi Fyuzi akakunja mikono. "Sasa? Unaendelea nayo?"

Mama akaipapasa testa. Nikaona Jumatatu yake inaning'inia hapo, na mimi ndiye niliyeishikilia. Nikafungua mdomo nimsaidie, nikaufunga: kazi ni yake.

Akaiweka mezani taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Siendelei nayo. Baba, nisamehe. Nimeipenda, lakini siwezi kuiamini."

Hapo nikaufungua tena. Nikafoka, si kwake. Niliwafokea wanaokaa mpakani na mihuri yao, wanaoacha takataka bandia kama hii zipite ziue watoto wa watu, na wao wakiugua tu mafua wanapanda ndege. Nilifoka mpaka Bi Fyuzi akanisogezea stuli.

"Umemaliza, mzee?"

"Bado."

"Malizia jioni. Binti, shika yangu."

Ya kwake ikawaka palepale. Mama akazima swichi kubwa, mheshimiwa akakatika katikati ya ahadi, na raha niliyoipata sijui niieleze vipi. Akapima jikoni, akafungua, akafunga soketi mpya. Alipowasha, ukuta haukunguruma.

"Wengi wanaokuja kwangu wanataka kunifurahisha," Bi Fyuzi akaniambia mlangoni. "Huyu amemkatalia baba yake mzazi, tena kwa heshima. Jumatatu asubuhi, asichelewe. Vifaa tutakwenda kuchagua pamoja."

Tulipobaki wawili, Mama akaichukua testa yangu, akaibana kwa plaizi.

"Asije mtu akaiokota," akasema, bila kunitazama.

Iliniuma, nisiseme uongo. Ikavunjika vipande viwili, kile kitaa kikabingirika mezani kikiwa kizima.

"Vunja na hicho, Mama," nikamwambia. "Nacho kinadanganya."

Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikamshikia kile kitaa kisibingirike, akakivunja.