Kichwa cha Mama Mkwe

Nestory hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni, na alijivunia hilo. Tangu amwoe Winnie, miaka minne sasa, alimwamkia Bi Mhoja kwa mbali, amechuchumaa, macho chini, kisha akatafuta njia ya kupita. Hawakuwahi kupeana mkono wala kula mahali pamoja. Bi Mhoja naye alikuwa Msukuma wa zamani hasa: akitaka kumwona mjukuu wake Nyakato, anauliza kwanza zamu ya mkwe ikoje, anafika Nestory akiwa kazini na kuondoka kabla hajarudi. Heshima hiyo iliwakaa vizuri wote wawili.

Kazi ya Nestory ni zimamoto na uokoaji. Asubuhi moja baada ya mvua waliitwa Buhongwa: lori la mchanga limeteleza na kuibana taksi mtaroni. Dereva wa taksi alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye nyasi anatetemeka. Abiria wake, mama mtu mzima aliyejitanda khanga kichwani, alikuwa kiti cha mbele, dashibodi imemlalia mapajani, na watu wa Buhongwa, kwa wema wao, walikuwa wameshamshika mabega.

"Mvuteni, gari litalipuka!" mmoja alipiga kelele.

"Mwachieni!" Huyo alikuwa Sajini Adventina, kiongozi wao, mama wa Kihaya asiyerudia neno. "Anapumua, anaongea. Shingo ikiwa imevunjika na nyie mkavuta, mtamuua nyie, si lori."

Wakamwachia, wengine wamenuna. Mwenzao Ngosha akaweka magogo kwenye magurudumu, akachomoa waya wa betri. Nestory, mwembamba kuliko wenzake, akapenya mlango wa nyuma, akakaa nyuma ya yule mama na kukishika kichwa chake kwa viganja viwili. Paa lililobonyea halikuacha nafasi ya kufunga kola ya shingo, kwa hiyo mikono yake ndiyo ilikuwa kola. Adventina alikuwa na msemo wake mafunzoni: ukishika kichwa umefunga ndoa, huachii mpaka nikuambie.

"Mama, mimi ni wa zimamoto," alisema. "Usigeuze shingo hata kidogo."

Ile sauti ambayo siku zote aliisikia kutoka upande wa pili wa ukuta ikauliza, "Nestory?"

Aliinua macho. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa bado kinaning'inia, na ndani yake Bi Mhoja alikuwa anamtazama. Aibu ikawashika wote wawili kwa pamoja. Nestory akahisi misuli ya shingo inakaza chini ya vidole vyake: mama alikuwa anataka kugeuza uso, kama alivyougeuza miaka yote minne.

"Mama, nakuomba! Usigeuke!"

"Toka, mwanangu. Aje mwingine. Mambo gani haya?"

Mwingine hakuwepo. Adventina alikuwa na mkasi wa kukatia chuma, Ngosha ndiye wa jeki. Nestory aliogopa, tusidanganyane. Akimwachia, huenda mama asitembee tena. Akiendelea kumshika huku wanatazamana, mama angegeuka kwa haya, na haya ingemaliza kazi ambayo lori halikuimaliza.

"Afande, ng'oa hicho kioo," alisema. "Halafu mfunike mama blanketi mpaka usoni."

"Blanketi litakuja. Kioo kimekukosea nini?"

"Ni mama mkwe wangu, afande."

Adventina alimtazama, kicheko kikamfika mdomoni, akakimeza. Akang'oa kioo, akakitupa mtaroni, akamfunika mama. Taratibu, Nestory akahisi ile shingo inalegea.

Mkasi ukaanza kula chuma. Chini ya blanketi Bi Mhoja akawa anaongea, labda kwa kuwa gizani hakuna mkwe. Aliuliza kama miguu yake ipo.

"Ipo, mama. Ngosha anasema vidole vinacheza."

Akasema michembe ya mjukuu, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iko kwenye mfuko mweusi, isikanyagwe. Kisha akauliza, "Umekula?"

Mama huyu hakuwahi kumuuliza habari zake. Nestory akaendelea kukishika kichwa.

Paa likaondolewa, kola ikafungwa, dashibodi ikasukumwa kidogo kidogo, ubao ukapita mgongoni. Mama akatolewa amenyooka. Adventina aliposema, "Haya, achia," mikono ya Nestory ilichelewa kufunguka.

Daktari alisema mfupa wa shingo una ufa, lakini haukuhama, mama atatembea. Kesho yake Nestory alifika wodini na Winnie, akabaki nje ya mlango, amegeukia ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Winnie, mwambie mumeo aingie."

"Mama! Si mkweo huyo?"

"Namjua. Nimekatazwa kugeuza shingo, na aliyenikataza ni yeye."

Nestory akaingia, macho chini, akaenda kusimama nyuma ya kichwa cha kitanda, mahali alipopazoea. Bi Mhoja alitazama dari.

"Umekula?"

"Bado, mama."

Winnie akafungua hotipoti na kumpa mumewe bakuli la ile michembe, imepikwa kwa karanga. Nestory alisimama nalo muda mrefu. Mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Hilo alifundishwa kabla hata hajajua kuoa ni nini. Kisha akavuta kiti, akaketi, akala, na Bi Mhoja akamsikiliza bila kugeuka, mpaka kijiko kilipokwangua chini ya bakuli.

"Mwongezee," alisema.