Kibodi Isiyo na Herufi

Fundi Baridi, kama alivyoitwa kwa kazi yake ya kutengeneza friji, hakuwa mtu wa kompyuta. Lakini mama mkwe alikuwa naye mmoja tu, na sauti ya mama mkwe ilikuwa imenasa ndani ya kompyuta kuukuu iliyokataa kuwaka.

Mama huyo, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa mpiga chapa wa ofisini hadi alipostaafu. Kiharusi kikamchukua ulimi. Vidole navyo vikakataa kushika kalamu, ila kubonyeza vilibonyeza. Simu za kupapasa kioo alizisukuma kando kwa dharau. Alitaka kibodi yake, ile ambayo kwa miaka mingi vidole vyake viliifuta herufi zote, vikabaki vitufe vitupu. Kwa kibodi hiyo aliomba chai, aligombeza wajukuu na kumtania mkwewe kwa adabu zote. Kisha mfumo wa mashine ukaharibika, na nyumba ikawa kimya.

Kimya hicho ndicho kilichomleta shemeji yake Fundi, kaka wa mkewe. Alisema kichwa cha mama kimeanza kuchoka, na kwamba Jumapili atamchukua akakae kwake, mbali huko, penye muuguzi. Aliyasema hayo sebuleni, mama yake amekaa palepale, kama mtu anayejadili iwapo kabati litapita mlangoni.

Basi Fundi akaazima kwa jirani flashi yenye mfumo wa bure, ule unaosifiwa kufufua mashine zilizokwisha kususwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kwelikweli, kichwa chini ya meza na makalio juu, akihamisha flashi kutoka tundu hili kwenda lile, huku Bibi akimtazama kutoka kitini. Mashine haikuiona. Aliizima na kuiwasha mpaka akagundua kwamba matundu ya mbele yalikuwa pambo tu, ya nyuma ndiyo yenye uhai. Maandishi yakaanza kuporomoka kwenye kioo cheusi, naye akaona raha ileile anayoiona pale friji iliyokufa inapoanza kunguruma.

Mfumo ukauliza maswali mengi. Kila swali lilikuwa tayari limechaguliwa jibu, na kila jibu Fundi akalikubali, maana nani abishane na mgonjwa anayeamka? Alipoombwa jina la mtumiaji, alipapasa vitufe vitupu hadi likatokea "bibi". Akaridhika.

Jumapili ikafika. Bibi aliketishwa mbele ya kibodi, shemeji akasimama nyuma yake na funguo za gari mkononi. Vidole vikakimbia kama zamani. Kwenye kioo kikatoka hiki:

Zqnqngu; ,i,i siendi ,qhqli:

Bibi akakunja uso, akafuta, akaandika upya. Yakatoka yaleyale. Binti yake, mke wa Fundi, akaziba uso kwa viganja. Shemeji akasema kwa upole uliouma kuliko tusi:

"Mnaona sasa? Mama hayupo tena."

Akaenda chumbani kufunga mabegi, na dada yake akamfuata akilia.

Fundi alibaki, aibu imemjaa. Yeye ndiye aliyeifufua mashine, na mashine ndiyo iliyomhukumu Bibi. Akayatazama maandishi bila kutaka kuyaona. Lakini miaka ya friji ilikuwa imemfundisha jambo: kosa linalorudi palepale kila mara lina mahali pake, na linatafutika. Akili iliyopotea haikosei kwa mpangilio. Akasoma tena polepole, na katikati ya takataka zile akaona neno moja zima.

"Siendi?" akauliza.

Bibi akapiga meza kwa kiganja.

Hapo ndipo alipokumbuka swali la kibodi, lililompita kama yale mengine. Akaingia kwenye mipangilio. Kumbe jirani, aliyeiandaa flashi kwa matumizi yake, alichagua kibodi ya Kifaransa, ambayo baadhi ya herufi zimehama viti. Zile chache za "bibi" hazikuhama. Fundi akarekebisha, akawaita wote.

Bibi akaandika bila kutazama vidole:

Wanangu, mimi siendi mahali. Nimepoteza ulimi, masikio ninayo.

Shemeji aliweka begi chini. Kwa mara ya kwanza tangu aje, alizunguka meza, akavuta kiti na kukaa akitazamana na mama yake. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Nisamehe, Mama. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Bibi akarudi kwenye vitufe vyake.

Kwanza chai. Pili, wewe na huyo mkwe wangu mjifunze kusoma swali kabla ya kulijibu.